Tairi la Naipingo: Kutoka Kipara hadi Nyufa

Tairi la gari huzeeka likiwa stoo, bila kukanyaga hata mita moja ya barabara. Mpira wake ni minyororo mirefu ya kikemia iliyofungwa pamoja kwa salfa na moto, ufundi ambao Mmarekani Charles Goodyear aliugundua mwaka 1839. Oksijeni ya hewani huupenya mpira huo polepole, ikikata minyororo hapa na kuongeza vifungo pale, mpaka mpira unakakamaa, unapoteza mnyumbuko na kuachana na waya zilizo ndani yake. Joto ndilo linaloamua kasi: kwa makadirio ya jumla, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, kasi ya uharibifu huo huongezeka karibu mara mbili.

Naipingo na vijiji vingine vya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, vilichelewa kuuona uzee wa namna hii, kwa kuwa kwa miongo mingi tairi halikupewa nafasi ya kuzeeka. Mpira wenyewe haukuwa mgeni. Katika karne ya 19 bara ya Lindi na Kilwa ilipeleka pwani mpira wa porini, uliogemwa kwenye mimea itambaayo ya jamii ya mbungo. Magurudumu yalikuja kwa wingi na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa mwanzoni mwa 1951, pamoja na malori na matrekta yake, mengi yakiwa masalia ya Vita Kuu ya Pili. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina la kata ya Stesheni lingalipo, mabehewa hayapo. Tangu hapo korosho, ufuta na mahindi vikawa mzigo wa lori, yaani mzigo wa tairi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, vita vya Kagera vikiwa vimekwisha na fedha za kigeni zimekauka, tairi lilipatikana kwa kibali. Kiwanda cha General Tyre kilikuwapo Arusha, lakini nacho kilitegemea malighafi za nje. Tairi lililopatikana lilifungwa siku hiyo hiyo. Lilitembea mpaka likawa kipara, likatoa waya, likatiwa ndani kiraka kilichokatwa kwenye tairi jingine, likarudi barabarani. Lilipokataa kabisa lilikatwa kuwa viatu vya katambuga, na tyubu yake ikawa manati za watoto na kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Aliyeficha tairi jipya alikuwa na hofu nyingine: mwaka 1983 ulipita msako wa wahujumu uchumi, na bidhaa iliyofichwa ilikuwa ushahidi tosha. Mwaka wa kutengenezwa kwake haukumshughulisha mtu.

Biashara ilipofunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yakaingia. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji likafunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kivuko kati ya kusini na Dar es Salaam. Kiwanda cha Arusha kilisimama baadaye, lakini tairi za nje zilikuwa zimekwisha kujaa madukani. Tairi likawa linapatikana, na kinachopatikana hukaa. Lori la msimu hubeba korosho kuanzia Oktoba hadi karibu na mwaka mpya. Mvua zikikaza husimama chini ya mwembe, uzito wote ukilalia sehemu moja ya tairi. Trela la trekta husimama zaidi ya linavyotembea. Ndipo ikaja sura ambayo fundi pancha wa zamani hakuizoea: meno bado marefu, ubavu una nyufa.

Nyufa hizo ni kazi ya ozoni, ambayo hushambulia mpira pale ulipovutika. Viwanda huchanganya nta na dawa za kinga. Nta hupanda juu na kufanya utando, na hupanda vizuri tairi linapotembea na kujikunja. Tairi lililosimama hukosa huduma hiyo, hivyo gari linalotunzwa kwa mapenzi yote chini ya turubai laweza kuwa na tairi mbovu kuliko teksi. Jua nalo huula uso wa mpira. Masizi yanayolifanya tairi kuwa jeusi huliimarisha na pia huukinga mpira na miale.

Stoo ya mkulima wa korosho ni mahali pabaya kwa tairi, ila lawama isipelekwe kwa magunia ya salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Salfa kavu katika joto la kawaida hailidhuru. Ile ya kiwandani ilihitaji tanuri. Wakosaji ni petroli na oili ya bomba la kupulizia, zinazouvimbisha mpira na kuulainisha, na paa la bati lisilo na dari. Mashine ya kuchomelea na mota za umeme huzalisha ozoni, kwa hiyo stoo iliyopakana na gereji ni mbaya zaidi.

Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likitimiza miaka 6, na kampuni kama Michelin na Continental huweka ukomo wa miaka 10 tangu kutengenezwa, hata meno yakiwa mazima. Nchi ya joto huegemea ukomo mfupi. Marekani, baada ya kashfa ya mwaka 2000 ambapo tairi milioni 6.5 za Firestone zilirudishwa, utafiti wa serikali ulikuta kwamba hata spea huzeeka: upepo uliojazwa huisukuma oksijeni ndani ya mpira kutokea tumboni.

Umri husomwa ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Tarakimu 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Linalowekwa akiba lisilo na rimu husimamishwa na kugeuzwa mara kwa mara, mahali pakavu, penye giza na baridi ya kiasi. Lenye rimu hulazwa, upepo ukiwa umepunguzwa. Lori litakalokaa mvua nzima hupandishwa kwenye magogo ili ekseli zibebe uzito badala ya tairi.