Tanbihi za Hamlet

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi huziruka tanbihi tukidhani zinakata uhondo wa tamthilia. Nimeonelea vingine baada ya kuisoma Hamlet ya Shakespeare katika toleo la Arden la 2006, lililohaririwa na Ann Thompson na Neil Taylor. Katika sehemu ya kwanza, onyesho la pili, Hamlet anabaki peke yake akitamani mwili wake uyeyuke. Chapa ya 1623 inauita mwili huo mgumu. Ile ya 1604/05 ina neno ambalo baadhi ya wahariri wamelifasiri kuwa uliotiwa doa. Ugumu ni huzuni isiyoyeyuka. Doa ni aibu ya mwana ambaye mamaye ameolewa na amiye. Herufi chache tu, na mhusika anageuka! Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua.

Je, nani atazifanyia tamthilia zetu kazi hiyo? Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa 1969, na mwandishi mwenyewe akaitafsiri kwa Kiingereza 1970. Matoleo hayo mawili yanastahili kulinganishwa neno kwa neno, kabla walioitazama jukwaani enzi hizo hawajatutoka.