Joto Lipotealo Kati ya Kitale na Bungoma

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma, Mlima Elgon ukiwa mkono wake wa kuume, hushuka kiasi cha mita 500. Mama aliyepika maharagwe katika miji yote miwili ajua tofauti yake, maana ya Kitale hukawia kuiva. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi, hali Mombasa huchemka kwa nyuzi 100.

Jambo hilo la jikoni ndilo liwapalo mabaharia maji ya kunywa. Katika meli kubwa, maji yaliyopoza injini hutoka yakiwa na nyuzi 80 hivi, joto lisilotosha kuchemsha maji ya bahari katika sufuria. Basi maji ya bahari hutiwa katika chombo cha chuma kilichofungwa, hewa ikanyonywa hata ikawa nyepesi kupita ile ya kilele cha mlima wowote. Humo huchemka kabla ya kufika nyuzi 60. Mvuke hupanda, chumvi husalia chini, na mvuke ukigusa mabomba ya baridi hugeuka kuwa maji matamu. Hakuna mafuta ya ziada yachomwayo ili kuyachemsha.

Mwenye kinu cha posho cha dizeli huko Kiminini au Kamukuywa hana haja ya kutoa chumvi, kwa kuwa mito yake ni ya maji matamu. Hata hivyo hasara ni yake. Katika dizeli anunuayo, yapata theluthi moja tu huzungusha kinu. Nyingine hutoka na moshi, na nyingine hupasha moto maji ya kupozea injini, kisha ikapotea hewani.

Mbele, karibu na Bukembe, kipo Kiwanda cha Sukari cha Nzoia kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Katika viwanda vya namna hiyo mvuke huendesha mitambo kwanza, ndipo ukatumwa tena kuchemsha maji ya miwa. Mvuke wa chombo cha kwanza huchemsha cha pili, nacho cha tatu, kila kimoja kikiwa na hewa nyepesi zaidi. Aliyebuni njia hiyo ni Norbert Rillieux wa New Orleans, Marekani, ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiafrika. Alipewa hati ya ubunifu wake mwaka 1843. Baadaye mafundi waliitumia hata kutoa chumvi katika maji ya bahari. Kiwandani, mvuke ukiisha kupoa huwa maji safi, na mengi hurudishwa kwenye tangi la kuchemshia yakingali moto.