Ikizima, Nani Ataifungua?

Vijana wanaosomea elektroniki pale chuo cha MUST, Mbeya, na wenzao wa Iringa wanaoanza kuvutiwa na redio za ridhaa, huniletea swali moja: "Fundi, nichukue mpya au mtumba?" Wengi huwa wameshapiga hesabu za bei na wanachotaka ni kuungwa mkono tu. Nami huwauliza: ikizima, nani ataifungua?

Kwangu swali hilo linatangulia bei, umri wa redio na hata jina la kampuni. Nimekuwa kwenye kazi hii tangu enzi ambazo redio koli ndiyo iliyokuwa simu ya hospitali za misheni, ya vituo vya polisi na ya askari wa wanyamapori kule Ruaha. AMREF, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka 1957, lilijenga mtandao wa redio wa namna hiyo Afrika Mashariki. Hospitali ya porini inaita kwa saa iliyopangwa, daktari wa mbali anajibu, na ikibidi ndege inatumwa. Mama mjamzito aliyekwama barabara ikiwa imekatwa na mvua, uhai wake ulitegemea kisanduku kile cha chuma. Kikizima, hapakuwa na nafasi ya kukisafirisha kwenda kilikotengenezwa. Kilifunguliwa palepale, na fundi aliyekuwepo, kwa vipuri vilivyokuwepo. Kipimo changu cha redio kilizaliwa huko na sijaona sababu ya kukibadili.

Redio ya ridhaa inatumia masafa mafupi kama zile redio koli, ila mwenye nayo hafanyi biashara wala hatangazi. Anazungumza na wenzake ili ajifunze, ajaribu vifaa na ajenge urafiki, akiwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na alama ya wito inayoanza na 5H.

Kabla ya redio, fikiria njia ambayo sauti yako itapita. Kutoka Iringa hadi Mbeya, ukipima ramani kwa rula, ni kama kilomita 275, na katikati kumejaa milima. Redio ya mkononi haivuki hapo. Kinachovuka ni wimbi linalopanda karibu wima, likakutana na tabaka la juu la anga na kurudishwa chini. Mchana, 7 MHz huifanya kazi hiyo vizuri. Antena yake ni waya wa mita 20, umekatwa katikati, mita 10 kila upande, umetundikwa mita 5 au 6 kutoka ardhini. Usiku tabaka lile likipungua nguvu unashuka hadi 3.5 MHz, na waya unakuwa wa mita 40. Wimbi likishatoka kwenye waya huo halibebi umri wa redio iliyolirusha. Nimesalimiana "Kamwene" na rafiki yangu wa Iringa kwa Kenwood ya miaka ya themanini, na siku niliyoazima Icom mpya hakusikia tofauti yoyote mpaka nilipomwambia.

Ndiyo maana fedha ya antena na ya umeme naiweka pembeni kwanza, na redio inanunuliwa kwa inayobaki. Anayemaliza akiba yote kwenye redio mpya halafu akatundika kipande chochote cha waya juu ya bati, amenunua ukimya wa bei ghali.

Hata hivyo redio mpya siidharau. Icom IC-7300, iliyotoka mwaka 2016, inakuchorea kwenye kioo masafa yote ya jirani, ukaona nani anaita na wapi pametulia. Waya mmoja wa USB unaiunganisha na kompyuta, na papo hapo unafanya FT8, mtindo wa kidijiti uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, ambao hupenyeza ujumbe mfupi hata pale sikio lisipoambulia chochote zaidi ya mvumo. Redio ya zamani nayo inaweza kufanya FT8, lakini utaunganisha waya za sauti mwenyewe, na masafa yake yasiwe ya kuhamahama. Jua nalo limetufaa: mzunguko wa 25 wa madoa yake ulianza Desemba 2019, na miaka hii bendi za juu, 21 na 28 MHz, zimefunguka hadi Ulaya na Japani kwa nguvu ndogo tu. Mwanafunzi ambaye lengo lake ni hayo ya kidijiti, akisema anataka mpya, simpingi.

Ninachomweleza ni kuhusu bodi iliyomo ndani. Vipuri vyake ni vidogo kama punje za ulezi, vimelehemiwa kwa mashine, na baadhi huwezi kuving'oa bila hewa ya moto na hadubini. Waranti ipo, lakini ipo huko ilikonunuliwa. Mwalimu mmoja wa Mafinga aliagiza redio mpya kutoka nje. Haikumaliza hata msimu ikawa kiziwi, inarusha lakini haipokei. Muuzaji hakukataa kuitengeneza. Alisema tu, irudishe. Gharama ya kuirudisha kwa ndege, karatasi za forodha wakati wa kutoka na wakati wa kuingia tena, na wasiwasi wa kutozwa kodi mara ya pili, vilimfanya aiweke kabatini karibu masika nzima. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa karibu wa kuifungua.

Kwa anayetaka mpya lakini anaishi Tukuyu au Ludewa, miaka mingi nimekuwa nikitaja Icom IC-718. Ni redio ya wati 100 isiyo na mapambo, iliyodumu kiwandani muda mrefu, na mashirika mengi ya barani mwetu yaliinunua. Maana yake ni kwamba maiki yake, waya wake wa umeme na hata mwili wa redio mbovu wa kunyofolea vipuri, unaweza kuvipata.

Mtumba nao una elimu yake, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, redio inunuliwe ikiwa inawaka, mbele yako. Beba betri yako ya gari, mita ya wati, na mzigo bandia, yaani rezista kubwa ya ohm 50 inayomeza nguvu mahali pa antena. Kabla ya kuwasha, tazama skrubu. Vichwa vyake vikiwa vimeliwa, ujue imeshafunguliwa na mtu mwenye haraka. Angalia soketi ya antena nyuma: kama ile pini ya katikati imelegea, plagi imekuwa ikivutwa na kusukumwa miaka mingi. Angalia fyuzi, ukikuta waya umefungwa mahali pa fyuzi, rudisha redio mezani na uage kwa heshima. Kisha inuse. Harufu ya transfoma iliyoungua haitoki hata baada ya miaka.

Iwashe, uiache saa nzima. Wauzaji hawalipendi jambo hili, lakini ugonjwa mwingi hutokea redio ikishapata joto. Enzi ZBC ya Zanzibar inasikika vizuri kwenye 11735 kHz, niliitumia kama mizani: unaweka redio kwenye mtindo wa SSB, unazungusha kitasa taratibu hadi mluzi wa kituo unashuka na kupotea, unasoma namba kwenye kioo. Baada ya saa moja unarudia. Namba ikiwa imehama kidogo sana, ni uzee wa kawaida. Ikihama na kurukaruka, kuna kitu kimelegea ndani. Ndipo uibonyeze irushe kwenye mzigo bandia, sekunde chache kwa kila bendi, jicho kwenye mita. Redio ya wati 100 inayotoa 95 kwenye 7 MHz na 30 kwenye 28 MHz inakueleza jambo kuhusu transista zake za mwisho. Sikiliza na rilei: mlio uwe mmoja, mkavu. Ukisikia inasitasita, huenda ni vumbi, na kwetu huenda ni sisimizi. Nimefungua redio Mbalizi nikakuta wamejazana kwenye rilei, tabia yao kupenda mahali penye joto.

Pili, kila aina ina ugonjwa wake, na ukiujua unashusha bei. Kenwood TS-440S ikionyesha vidoti mahali pa namba, usiikimbie: mara nyingi ni gundi iliyowekwa kiwandani ambayo kwa miaka imegeuka na kuanza kupitisha umeme. Unaikwangua kwa subira, unasafisha kwa spiriti, unabadilisha vilivyoliwa, na redio inarudi. Icom IC-751 ina betri ndogo inayolinda programu yake. Ikifa, na programu imekufa, kwa hiyo uliza ilibadilishwa lini. Yaesu FT-857 nyingi hupata mistari kwenye kioo, na kioo hicho ndicho shida kukipata. Zile za valvu, kama Kenwood TS-520 na TS-830S, nazipenda kwa sauti yake, lakini ndani mna volti 800 na zaidi zinazoweza kubaki kwenye kapasita hata plagi ikiwa imechomolewa. Anayeanza simruhusu aifungue peke yake.

Kisha kuna redio koli zenyewe, Codan na Barrett, zinazoingia mnadani miradi ikifungwa au mashirika yakihamia simu za setelaiti. Ni ngumu mno, zimetengenezwa kuvumilia gari na vumbi. Ila nyingi zinarusha kwenye chaneli zilizopangwa tu, na chaneli hizo ni za wenye nazo wa zamani. Lazima zifutwe na mtu mwenye programu yake, kisha zipangwe zile za ridhaa. Asiyekuwa na mtu huyo anunue kitu kingine.

Umeme ndipo redio nyingi, mpya kwa mtumba, zinapofia bila hatia. Redio ya wati 100 inakula ampea 20 hivi inaporusha. Ukichukua waya wa 2.5 mm² uliozoeleka kwenye nyumba, ukauvuta mita 5 kutoka kwenye betri, utapoteza karibu volti moja na nusu njiani. Betri inasoma 12.5, redio inapata 11, sauti inakwaruza, na mwenyewe anasema redio mbovu. Tumia waya mnene, mfupi. Na kama unategemea sola, angalia redio inakula kiasi gani inaposikiliza tu, kwa sababu utasikiliza saa nyingi kuliko utakavyozungumza. IC-7300 inakula ampea moja hivi. Kale ka FT-817 ka Yaesu hakafiki nusu yake, japo kanatoa wati 5 tu. Kwa mtu wa Makete mwenye paneli moja, hiyo nusu ampea ni usiku mzima wa kusikiliza.

Kuhusu radi sina maneno mengi: kuanzia Novemba, ukimaliza kuzungumza chomoa koaksi ya antena, na itoe nje ya dirisha. Waya wa ethi uwepo, lakini usikufanye ulale na antena imechomekwa.

Mwisho ni karatasi, na hizi ziangaliwe kabla fedha haijatoka mfukoni. Redio inayoingia kutoka nje inahitaji kukubaliwa na TCRA, na kwa Mbeya hatuna kisingizio, ofisi yao ya kanda iko hapahapa mjini. Juu ya bei ya redio kuna ushuru na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo bei unayoiona ya ng'ambo siyo utakayoilipa. Kwa mtumba wa ndani, dai hati ya mauziano yenye namba ya redio iliyogongwa nyuma. Redio ya shirika isiyo na hati ya mnada siishiki hata kwa matengenezo.

Kijana wa mwisho kuniuliza ni wa Kihesa, Iringa. Tumemtafutia TS-440S yenye vidoti, kwa bei ya redio mbovu, kutoka kwa mtu tunayemfahamu. Gundi tuliikwangua pamoja, bisibisi ikiwa mkononi mwake na mimi nikielekeza. Fedha iliyobaki imenunua betri, waya mnene na kamba za kutundikia antena. Leseni yake bado inashughulikiwa, hivyo kwa sasa maiki iko kwangu, na yeye anasikiliza 7 MHz kila asubuhi akiandika daftarini kila alama ya wito anayoipata.