Sulhu Haijengwi Juu ya Jeraha Bichi

Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti haiishii kwenye kuandika mihtasari ya vikao na kutunza daftari la michango ya Ijumaa. Ofisi yetu ndogo hupokea pia ndoa zilizopasuka. Wengi huja kwa ugomvi wa matumizi, wivu au maneno ya mawifi. Hayo tunayasikiliza, na mara nyingi Allah hujaalia kheri. Lakini wapo wanaokuja na damu kwenye mtandio. Kwa ajili ya hao naandika, kwani katika kamati zetu bado tunachanganya mambo mawili ambayo dini na sheria zimeyatenganisha.

Qur'ani Tukufu, Surat An-Nisaa aya ya 35, inaelekeza ateuliwe mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke pale panapohofiwa mfarakano. Mfarakano ni wa wawili wanaovutana. Aliyepasuliwa mdomo ameshadhulumiwa. Haki yake ya kwanza ni usalama na tiba. Wapo wanaoitegemea aya iliyotangulia, ya 34, kuhalalisha kipigo. Hata wanazuoni walioruhusu kupiga waliweka mipaka mikali: kusiumize, kusiache alama, kusiguse uso. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake.

Mwaka jana, baada ya sala ya Alasiri, mama mmoja alimleta binti yake, taya limevimba na jicho limefumba. Mzee mmoja wa kamati, mtu ninayemheshimu kama baba, alishauri mume aitwe Ijumaa inayofuata. "Katibu," aliniambia, "ukishaliandika jina la polisi kwenye ndoa, umeandika talaka." Imamu hakukubali. Alimwomba kiongozi wa akina mama awasindikize kituoni siku ile ile.

Kaunta ya kituo haikuwapokea vizuri. Askari wa zamu aliwaambia wakayamalize nyumbani. Kiongozi wetu hakugombana naye. Aliomba tu waonyeshwe lilipo Dawati la Jinsia na Watoto. Neno hilo lilifungua mlango. Dawati hilo limewekwa katika vituo vya polisi mahususi kwa mashauri ya namna hii, na mlalamikaji husikilizwa faraghani, mbali na macho ya watu. Askari wa kike aliandika taarifa, akampa binti namba ya RB na fomu ya polisi namba tatu, yaani PF3, kisha akamtuma hospitali.

Fomu hiyo ndiyo familia nyingi huipuuza. Daktari huijaza kwa alichokiona: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limesababishwa na nini. Hutolewa bila malipo. Jeraha likipona huondoka na ushahidi wake, na anayeambiwa asubiri kikao cha Ijumaa atafika kituoni akiwa na maneno matupu. Fomu ikirudi, polisi huchukua maelezo, humtafuta mtuhumiwa na kupeleleza. Askari akishuhudia uvunjifu wa amani, anaweza kumkamata mhusika bila hati ya mahakama. Uamuzi wa kufungua mashtaka ni wa waendesha mashtaka.

Mume naye ana haki zake. Ni mtuhumiwa, hajawa mkosaji. Asipoweza kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, suala la dhamana hutazamwa, isipokuwa kosa likiwa zito. Dhamana haiuzwi. Kwa hiyo hofu kwamba kumtaja mtu polisi ni kumzika akiwa hai haina msingi.

Sheria yetu ya Tanzania Bara ni wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi yeyote kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inaliweka shambulio la kudhuru mwili kuwa kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Akiumizwa mtoto, kamati haina nafasi hata ya kujadiliana: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kutoa taarifa kwenye serikali ya mtaa au kijiji. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na ya dharura ya polisi ni 112.

Narudi kwenye hoja ya mzee wetu, kwani si yake peke yake. Je, polisi huua sulhu? Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida, iwapo maslahi ya umma hayadai adhabu. Sulhu ya namna hiyo hufanyika mbele ya mwenye mamlaka, mke akiwa ametibiwa na mume akijua anatazamwa. Ile ya chumbani kwetu ina karatasi yenye saini yangu, na saini yangu haizuii ngumi ya pili.

Wapo pia wanaosema kutoa siri ya nyumba ni aibu. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kuwa wanawake wengi walizizunguka nyumba za Mtume (s.a.w.) wakiwalalamikia waume zao. Hakuwalaumu kwa kutoka na siri. Aliwaelekea wanaume, akabainisha kuwa wapigaji hao si wabora wa umma.

Sitasema kisa cha binti yule kimeisha vizuri. Shauri lilifika mahakamani, ukoo wa mume ulituambia msikiti umewauza, na hadi leo wanandoa wale wanaishi mbalimbali. Lakini taya limepona, naye analala usingizi.

Kamati yetu imeandika utaratibu mfupi katika daftari la mihtasari. Penye jeraha au tishio la kuua, kikao hakiitishwi. Mlalamikaji husindikizwa Dawati na hospitali siku hiyo hiyo, na mwanamke mwenzake huwa pamoja naye. Hakuna mwanakamati atakayemshawishi aondoe shauri. Kikao cha sulhu kitaitishwa endapo yeye mwenyewe atakitaka, akiwa salama. Mzee wetu alilijadili jambo hili kwa muda mrefu, kisha akatia saini.

Ndugu zangu wa kamati nyingine, tulieni mlitazame jambo hili kabla binti wa mtu hajabisha hodi. Wabillahi tawfiq.