Visiwa vya Ugiriki kwa Mashua: Karatasi, Tozo na Gharama za Gati



Tangu turejee kutoka visiwa vya mashariki ya Ugiriki, kina mama wengi wametuuliza: safari ile iligharimu kiasi gani? Baadhi yao wanadhani kwamba mwenye jamaa aliye na mashua yake ya tanga hukosa la kulipa ila tikiti ya ndege. Kwa kuwa familia zetu zenye wana Ulaya zazidi kila mwaka, na mialiko ya namna hii itakuja, tumeona tujibu kwa urefu.

Mashua ni ya mwana wa ndugu yetu, mzaliwa wa Mombasa ambaye sasa ni raia wa Uingereza. Ina urefu wa mita 13 na bendera ya Uingereza. Tulikuwa watu sita: yeye na mkewe, sisi na ahali yetu, binti yetu, na mkwe wetu Bi mkubwa. Tulipandia Kos, tukapita Nisyros, Tilos na Symi, tukashukia Rhodes.

Gharama ya kwanza hulipwa Nairobi, kabla hujaona tanga. Ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni Yuro 90 kwa mtu mzima, yaani kama shilingi 13,500 tukikadiria Yuro moja kwa shilingi 150. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa Yuro 45, aliye chini ya hapo halipi. Tena yatakiwa bima ya matibabu isiyopungua Yuro 30,000. Lakini jambo tunalotaka wasomaji walikamate ni lile neno dogo katika karatasi ya viza linalotaja idadi ya kuingia. Sisi tulipewa kuingia mara moja. Pale Kos, ukikaa juu ya mashua usiku, taa za Bodrum upande wa Uturuki zaonekana wazi kama mtu wa Lamu aonavyo taa za Shela. Bi mkubwa akatamani mno tuvuke, akasali katika misikiti ya ng'ambo, turudi jioni. Akasema umri wake haumwahidi safari nyingine. Maneno yale yalikuwa mazito kwetu sote, na kijana wetu alikuwa tayari kung'oa nanga. Lakini kuvuka ni kutoka Schengen. Viza ingekuwa imekwisha, na tikiti zetu za kurudi zilikuwa za kupitia Athens. Hatukuvuka, na siku mbili Bi mkubwa hakutaja tena Bodrum wala kitu kingine chochote.

Chombo nacho kina viza yake, ukipenda kuiita hivyo. Kwa kuwa Uingereza imetoka katika Umoja wa Ulaya, mashua yenye bendera yake huingia kwenye bandari rasmi ya kuingilia, na forodha humpa nahodha hati iitwayo tranziti logi, ambayo hurejeshwa chombo kinapoondoka nchini. Chombo cha namna hiyo huruhusiwa kukaa miezi 18 bila kutozwa ushuru wa kuingizwa. Na mwenye chombo? Yeye kama Mwingereza huruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180. Yaani mbao na matanga yana miezi, mwanadamu ana siku. Tulimwona kijana wetu kila Ijumaa akihesabu siku zake katika daftari, na mkewe akizihesabu tena nyuma yake.

Kisha kuna tozo ya kusafiri baharini, wao huiita TEPAI, iliyoanza kutozwa Mei 2019 kwa vyombo vya zaidi ya mita 7. Katika viwango iliyoanza navyo, mashua ya mita 11 hulipa Yuro 33 kwa mwezi. Ikizidi mita 12, hulipa Yuro 8 kwa kila mita, kuanzia mita ya kwanza. Basi ile yetu ya mita 13 ikawa Yuro 104 kwa mwezi, mara tatu ya jirani yake aliyepungukiwa na mita mbili. Hesabu huenda kwa miezi ya kalenda, kwa hiyo anayeingia tarehe 28 hana nafuu yoyote. Mwenye akili hungoja tarehe mosi.

Ahali yetu alikuwa amekusanya fedha katika bahasha, akitaka tumpe kijana kama nauli. Akakataa. "Ami, hapana. Ukinipa nauli umenifanya mfanyabiashara, na karatasi zangu zasema mimi si mfanyabiashara." Ni kweli: chombo cha binafsi hakiruhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Mmoja wetu akapendekeza tuiite hadiya. Tukasema la, kwani linalozingatiwa ni makusudio wala si jina la bahasha. Tulinunua chakula, na hilo halina ubishi: samaki, mchele, mboga na mafuta ya zeituni, maana nyama ya halali katika visiwa vile vidogo hatukuipata.

Wasio na jamaa hukodi mashua. Hapo sheria ya Ugiriki humtaka nahodha awe na leseni, na pawe na mtu wa pili ajuaye kazi. Asiye na leseni huajiri nahodha, ambaye ujira wake ni kiasi cha Yuro 200 kwa siku pamoja na chakula, naye hulala humo humo chomboni. Vyumba vya mashua hutenganishwa na ubao mwembamba. Familia zenye mabinti na zilipime hilo kabla ya kulipa amana, ambayo aghalabu ni maelfu ya Yuro na huzuiwa katika kadi ya benki hadi chombo kirudi salama.

Katika bandari moja polisi wa bandari aliitazama orodha ya waliomo chomboni akalikuta jina la Bi mkubwa kama aitwavyo nyumbani, si kama lilivyo katika pasipoti. Kijana wetu aliliandika kwa mazoea. Ilichukua asubuhi nzima kuandika orodha upya na kupata mhuri. Majina yetu ya matatu na manne, yenye Mwana na Bi, yanakiliwe herufi kwa herufi.

Magati ya manispaa ni nafuu, Yuro chache kwa usiku, maji na umeme mbali. Marina huwa makumi ya Yuro kwa chombo cha kadiri ile, na zile kubwa za karibu na Athens huweza kuzidi mia wakati wa kiangazi. Julai na Agosti huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi, na mabaharia wote hukimbilia gati mapema. Nanga hutupwa kwa omo, tezi ikaelekezwa gatini, watu wakashukia ubao. Sala za faradhi tulisali gatini kila ilipowezekana, kwani chombo kikiwa nangani huzunguka, na kibla ambayo Mombasa ni kaskazini huko ni kusini-mashariki.

Rhodes ilitwaliwa na Sultan Suleiman mwaka 1522. Mwaka 1923 Waislamu wengi wa Ugiriki walipohamishiwa Uturuki, visiwa hivi vilikuwa chini ya Italia, ndiyo maana wa Rhodes na Kos walibaki, na wapo hadi leo. Mkabala na msikiti wa Suleymaniye kuna maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, ya mwaka 1793, yenye misahafu na vitabu vya mkono. Karibu na bandari ya Mandraki kuna makaburi ya Murad Reis, mawe yake yamechongwa vilemba. Bi mkubwa alisimama pale muda mrefu akawatolea salamu na kuwaombea dua, na jioni ile akaanza tena kuzungumza nasi.

Mashua ilibaki Rhodes. Kijana wetu aliondoka siku moja baada yetu, daftari lake likiwa limebakiwa na siku 11.