Modemu Iliyojifanya CD

Kisa hiki ni cha mwaka 2012, lakini funzo lake bado nalitumia kila ninapoboresha mfumo wa tarakilishi, kwa hivyo acheni nikisimulie.

Novemba mwaka huo nilikuwa nyumbani kwetu Wundanyi, kule juu Taita. Mteja mmoja alikuwa akisubiri programu ya kuhesabu bidhaa za duka lake, na tulikuwa tumeelewana: kazi ifike kwa barua pepe kabla ya saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu, naye anitumie pesa kwa M-Pesa. Pesa zenyewe wala hazikuwa zangu. Dada yangu mdogo alikuwa na salio la karo chuoni, na bila kulilipa asingeingia kwenye chumba cha mtihani siku hiyo hiyo saa nane mchana.

Sasa mimi, kwa ujuaji wangu, Jumapili jioni nikaona ndio wakati mzuri wa kuhama kutoka Ubuntu 10.04 hadi 12.04. Nilikuwa na CD niliyoichoma kazini, kwa hivyo bando langu halikuguswa. Mambo yakaenda shwari. Maswali yalipotokea kwenye skrini, nilibonyeza Y bila kuyasoma. Ikumbukeni hiyo Y.

Saa nne usiku nikachomeka modemu. Taa ikamemeta kama kawaida, lakini kwenye menyu ya mtandao hapakuwa na chochote cha kuunganisha. Badala yake ikatokea picha ya CD, na ndani yake mna programu za Windows! Nikabadilisha tundu la USB. Nikazima tarakilishi, nikaiwasha tena. Nikatoa laini nikaitia kwenye simu: salio lipo, mtandao upo. Dada yangu akauliza, "Kaka, imekubali?" Nikamwambia akalale. Hakulala.

Hapa nieleze kidogo. Modemu nyingi za USB za miaka ile zilikuwa na nyuso mbili. Ukiichomeka, kwanza hujitambulisha kama CD yenye programu ya kusakinisha kwenye Windows. Programu hiyo ndiyo huiamuru iache kuwa CD, igeuke modemu. Kwenye Linux, kazi ya kuigeuza hufanywa na programu iitwayo usb_modeswitch. Asipokuwepo wa kuiamuru, itabaki CD mpaka kesho.

Nikafungua terminali nikaandika:

lsusb

Amri hii huorodhesha vifaa vyote vya USB, kila kimoja na nambari mbili: ya kwanza ya mtengenezaji, ya pili ya aina ya kifaa. Modemu ikishageuka, kwa kawaida nambari ya pili hubadilika. Yangu ilikuwa haijabadilika. Kisha:

ls /dev/ttyUSB*

Hakuna kitu. Yaani kerneli haikuwa imeona modemu yoyote, kwa hivyo kuhangaika na APN au ile nambari *99# kungekuwa kupoteza muda tu.

Ningetafuta suluhisho mtandaoni, lakini mtandao wenyewe ndio huo. Saa saba usiku nikakumbuka kwamba baadhi ya modemu, ukiitoa ile CD yao ya uongo, hugeuka zenyewe. Nikaandika:

sudo eject /dev/sr0

Trei ya CD ya laptopu ikachomoza nje kama ulimi. Dada yangu akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kumbe sr0 ilikuwa CD ya kweli, ya modemu ni sr1:

sudo eject /dev/sr1

Sekunde chache hivi... ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2! Menyu ikaonyesha muunganisho. Saa saba na dakika ishirini kazi ikaondoka.

Asubuhi pesa ziliingia, dada yangu akapanda matatu ya Voi, nami nikakaa kutafuta chanzo. Nilikuwa tayari kuilaumu Linux. Kumbe mkosaji ni mimi.

Mwaka 2009 nilikuwa nimeisakinisha usb_modeswitch kwa mkono. Maelezo ya modemu yangu niliyaandika kwenye /etc/usb_modeswitch.conf, na sheria ya kuiita programu nikaiweka kwenye /etc/udev/rules.d/40-usb_modeswitch.rules. Halafu nikasahau. Toleo jipya lilipoleta usb_modeswitch yake, liliniuliza kwa adabu: faili hii imeundwa na wewe au na skripti, je, tuweke yetu? Mimi nikabonyeza Y. Maelezo yangu yakaondolewa; niliyakuta baadaye kwenye faili yenye mkia .dpkg-old.

Lakini sheria yangu ya zamani ilibaki. Toleo jipya lina sheria yake, yenye jina lile lile, ndani ya /lib/udev/rules.d, na faili mbili zikiwa na jina moja, udev husoma iliyo kwenye /etc na kuiacha ile nyingine. Basi ikawa mzee amekaa mlangoni na kazi haijui tena, na kijana anayeijua hawezi kupita.

Nikaihamisha faili yangu:

sudo mv /etc/udev/rules.d/40-usb_modeswitch.rules ~/

Nikachomoa modemu, nikachomeka tena. Ikageuka yenyewe, bila eject wala maombi.

Tangu siku hiyo nina faili moja ya maandishi. Kila ninachobadilisha kwa mkono ndani ya /etc nakiandika humo, pamoja na tarehe na sababu. Kabla ya kuboresha mfumo naisoma kwanza. Na maswali ya kwenye skrini nayasoma yote, hata yakiwa kumi.

Dada yangu aliufanya mtihani wake. Hadi leo akinisikia nikitaja toleo jipya la Linux, huniuliza kwanza: "Kaka, kesho una kazi ya nani?"