Kitabu Kilichoingia Nyumba ya Eda



Kila mwezi, boti ikishafunga gati Mkoani, huwa tuna mtu wa kutupokelea mzigo. Ni bahasha nene ya kaki, ndani yake mna nakala tatu za kitabu kimoja kutoka kwa muuza vitabu wa Dar es Salaam. Mzigo unapanda daladala mpaka Chake, unabadilisha gari, unafika kwetu Wete jioni. Sisi tuko tisa. Kila mtu hutoa shilingi elfu tano, kama vile tunavyotoa mchezo, na kitabu hulala siku kumi kwa kila mmoja. Zikitimia siku thelathini tunakaa ukumbini kwa mwenzetu, tunatia chai, tunaweka vileja, tunagombana.

Wapo wanaotucheka. Kwa nini mlipie kitabu hata hamjakishika mkononi? Jawabu ni jepesi: tukisubiri kwenda kukishika, hatutasoma. Maduka tunayoyajua hapa yanauza madaftari na vitabu vya skuli. Mwanamke wa Pemba akivuka kwenda Unguja, anakwenda hospitali, harusini au msibani. Nani atamwambia mumewe anapanda boti kufuata riwaya?

Faida nyengine hatukuitazamia. Elfu tano ikishatoka, kitabu kinakudai. Wenzako wawili wanakisubiri, na siku ya kumi mmoja wao yuko mlangoni. Wengi wetu tulikuwa hatujamaliza kitabu tangu tulipotoka skuli. Sasa tunasoma baada ya Isha watoto wakishalala, na sufuria moja ya maharage imeshaungua, Mungu atusamehe.

Lakini tuliyemkusudia leo ni mwenzetu mmoja. Mwaka jana alifiwa na mumewe, akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Wiki za mwanzo nyumba ilijaa watu. Baada ya hitma watu wakapungua, ikawa anakaa na mama yake na saa ya ukutani. Tukajadiliana: tumpelekee kitabu au tumwache na uradi wake? Mmoja wetu aliona si adabu, riwaya katika nyumba ya msiba. Tukamuuliza mama yake, mtu mzima, mcha Mungu. Akasema, "Mleteeni. Eda haikukataza kusoma."

Bahati ikawa kitabu cha mwezi ule ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed. Wanaokijua watafahamu kwa nini tuliingiwa na hofu. Maimuna wa kitabu kile amefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, na anapotoka, dunia inampokea vibaya. Tukajiambia, tunampelekea mtu wa eda hadithi ya mwanamke aliyefungiwa! Bahasha ilikuwa imeshakwenda.

Alikisoma kwa siku nne. Mkutano wa mwezi ule tukauhamishia kwake. Tulipouliza kwa kujikunyatakunyata kama kilimuumiza, akasema, "Maimuna kafungiwa. Mimi nimekaa. Nnajua siku nitakayotoka na nnajua nnamkalia nani." Ndipo akalia, na sisi tukalia naye. Alituambia kuwa ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi mtu kumuuliza anafikiri nini. Wengine wote walikuwa wakimuuliza kama amekula.

Mnaotaka kuanza wenu, tuna neno la fedha. Hapa msiwe na haya. Vilabu vya namna hii si vipya. Marekani Book-of-the-Month Club ilianza mwaka 1926, na utaratibu wake ulikuwa kwamba usipoandika kukataa, kitabu kinakuja na deni lake. Sisi tumeupindua. Muuzaji anatutajia vitabu vitatu, tunachagua, tunatuma fedha kwa simu, ndipo anafunga. Mwezi usio na fedha hauna kitabu, na hakuna anayemdai mwenzake. Mwambieni pia afunge kwa nailoni. Bahasha yetu moja ilisafiri jirani na ndoo ya samaki, na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi inanuka mpaka leo.

Asiyeweza kutoa mwezi huu tunamtolea, na atakuja kutoa siku nyengine. Mwenzetu tulimtolea miezi yote ya eda. Alipotoka alikuja na elfu ishirini na tano, tukazikataa, akaziweka chini ya birika la chai akaondoka. Sasa zamu ya kuchagua ni yake. Ametaka Zainab Burhani, Mali ya Maskini, na nakala nne badala ya tatu, kwa sababu mama yake naye anataka kusoma, na macho yake hayaendi mbio: siku kumi hazimtoshi.